Bastola Kiunoni, Kibali Nyumbani

Sheria ya jimbo la Virginia, nchini Marekani, inamtaka kila mwenye kibali cha kubeba bastola iliyofichwa atembee na kibali hicho muda wote anapokuwa na silaha mwilini, na akionyeshe pamoja na kitambulisho chenye picha pindi askari polisi anapokitaka. Akikutwa hana, anatozwa dola 25. Hafungwi wala haandikiwi kosa la jinai, na hakimu anaweza kumsamehe hata hizo dola 25 akifika mahakamani na kibali halali. Jirani yake aliyeficha bastola ya aina ileile bila kuwahi kupewa kibali anakabiliwa na kifungo cha hadi miezi 12 na faini ya hadi dola 2,500. Askari anayewasimamisha wote wawili barabarani usiku hana namna ya kuwatofautisha kwa macho.

Mtu mwenye haki kamili ya kufanya jambo, lakini hana mkononi kinachothibitisha haki hiyo, ni nani mbele ya sheria? Swali hili linaonekana dogo, la watu wasahaulifu walioacha pochi kwenye suruali ya jana. Ukilifuata jimbo kwa jimbo linafika mbali. Linagusa nani anatakiwa kuthibitisha nini, askari ana mamlaka gani kabla uthibitisho haujapatikana, na nani anahatarisha maisha yake katika zile sekunde za kuutafuta.

Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea nchi ambako kumiliki bastola kwenyewe kunahitaji leseni, na wenye leseni hizo ni wachache. Marekani mambo ni tofauti. Katika majimbo mengi mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu hununua bastola dukani baada ya kuchunguzwa kwa muda mfupi, akaiweka nyumbani bila leseni ya umiliki. Kibali kinachozungumziwa hapa ni cha kuivaa bastola hiyo chini ya shati au koti na kuingia nayo mtaani. Kila jimbo lina sheria yake, na mpaka wa jimbo ukivukwa, kilichokuwa halali asubuhi kinaweza kuwa kosa la kifungo mchana.

Kuficha silaha kulikuwa aibu kabla hakujawa haki. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1813, kwa imani kwamba mtu mwema huvaa silaha yake wazi na anayeificha ana nia mbaya. Baadaye ukaja utaratibu wa vibali, na vibali vikawa mali ya hiari ya mtawala. Sheria ya Sullivan ya New York, ya mwaka 1911, iliwapa maofisa uwezo wa kuamua nani anastahili bastola na nani hastahili. Kusini, hiari hiyo ilikuwa na rangi. Mwaka 1941, jaji Rivers Buford wa Mahakama ya Juu ya Florida aliandika waziwazi kwamba sheria ya silaha ya jimbo lake ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, na kwamba haikukusudiwa kutumika kwa wazungu. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kupigwa bomu huko Montgomery, Alabama, Mchungaji Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba bastola. Alinyimwa.

Historia hii ni muhimu, kwa sababu inaeleza ni kwa nini Mmarekani mweusi na mwanachama mweupe wa chama cha wapenda bunduki, wasiokubaliana katika mengi, wanaweza kuitazama kadi ya kibali kwa shaka ileile. Wote wanajua kwamba aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika haki.

Vermont peke yake ilikataa mapema. Mwaka 1903 mahakama ya jimbo hilo ilitupilia mbali kanuni ya mji wa Rutland iliyomtaka mtu apate idhini ya maandishi ya meya au mkuu wa polisi kabla ya kubeba bastola, na hadi leo Vermont haijawahi kuwa na kibali cha aina hiyo. Majimbo mengine yalichukua muda. Florida, mwaka 1987, ilipitisha sheria iliyomlazimu ofisa kumpa kibali kila mwombaji aliyetimiza masharti, na mfano wake ukaigwa na majimbo mengi. Alaska mwaka 2003 na Arizona mwaka 2010 ziliondoa hata sharti la kibali. Mnamo Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya kubeba bastola nje ya nyumba, na hiari ile ya maofisa wa New York, iliyodumu zaidi ya karne, ikaanguka. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 hayakuhitaji tena kibali kwa mtu mzima anayeruhusiwa kisheria kuwa na silaha.

Haya yote yanaelekea upande mmoja: haki imehama kutoka kwenye karatasi na kuingia kwa mtu. Lakini karatasi haikufa.

Iangalie Florida yenyewe. Kabla ya Julai 2023, mwenye leseni ya kuficha silaha alitakiwa kuwa nayo pamoja na kitambulisho, na akikosa alitozwa dola 25. Tangu Julai 2023 leseni si lazima tena, lakini anayebeba bila leseni lazima awe na kitambulisho halali na akionyeshe akitakiwa. Akikosa, ni dola 25 zilezile. Wakazi waliokwisha kuchukua leseni, zaidi ya milioni 2, wengi wao wameendelea nazo. Texas nayo ilikuwa imeondoa adhabu ya kutoonyesha kibali tangu 2009, miaka 12 kabla ya kukifanya kibali chenyewe kuwa cha hiari, na bado Texas inatoa vibali hivyo kwa wanaovitaka. Michigan inamtoza dola 100 aliyekisahau chake. Minnesota ina sheria ya busara kuliko nyingi: faini ya kosa la kwanza haizidi dola 25, silaha haitaifishwi, na hati ya mashtaka lazima ifutwe mhusika akithibitisha, mahakamani au katika ofisi ya askari aliyemkamata, kwamba siku ile alikuwa na ruhusa.

Katika majimbo hayo, aliyesahau kibali ni kama dereva aliyesahau leseni nyumbani: ana uzembe, hana uhalifu.

Kwingine hesabu ni nzito. Sheria ya New York inasema kwamba mwenye leseni asipoionyesha akitakiwa, hilo ni ushahidi wa awali kwamba hana leseni. Pennsylvania inasema jambo linalofanana, kwa upole zaidi: asiyeionyesha wakati wa kukamatwa wala katika usikilizaji wa awali wa kesi anadhaniwa hana, na ni juu yake kuibomoa dhana hiyo. Tofauti ya maneno ni ndogo lakini matokeo yake ni makubwa, kwa kuwa mjini New York bastola yenye risasi nje ya nyumba bila leseni ni kosa ambalo kiwango chake cha chini cha kifungo, kwa kawaida, ni miaka 3 na nusu. Dhana ikianza upande wa serikali, mshtakiwa hupewa nafasi ya kujieleza akiwa tayari mahabusu, silaha yake imechukuliwa na mwajiri wake ameshasikia.

Nani abebe mzigo wa kuthibitisha? Massachusetts kwa miongo mingi ilimwachia mshtakiwa: serikali ilithibitisha kwamba alikuwa na bastola, na yeye ndiye aliyetakiwa kuleta dalili kwamba alikuwa na leseni. Aprili 2023, katika kesi ya Guardado, mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iligeuza kibao. Ilisema kwamba baada ya Bruen kubeba silaha ni haki ya kikatiba, kwa hiyo kukosa leseni ni sehemu ya kosa lenyewe, na serikali lazima iithibitishe pasipo shaka ya msingi. Uamuzi huo haukushangiliwa kama ule wa Bruen, lakini kwa mtu wa kawaida una uzito mkubwa. Kumbukumbu za leseni zinatunzwa na serikali, na kumtaka mwendesha mashtaka afungue daftari lake mwenyewe kabla ya kumshtaki mtu si kumwonea.

Mahakamani mambo hufika baada ya miezi. Barabarani ni suala la dakika, na huko sheria bado imegawanyika vibaya.

Chukua yaliyotokea Allentown, Pennsylvania, mwaka 2014. Mtu anayetazama kamera za usalama aliona mwanamume katika kituo cha mafuta akimwonyesha mwenzake bastola, kisha akaichomeka kiunoni na kuifunika kwa shati. Polisi walifika kwa magari kadhaa wakamzingira. Alikuwa na leseni halali ya kuficha silaha. Alichoshtakiwa hatimaye ni mambo mengine, likiwemo kuendesha gari akiwa amelewa. Kesi hiyo, inayojulikana kama Hicks, ilifika katika mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 2019 mahakama hiyo ikasema kwamba kuwa na bastola iliyofichwa peke yake si sababu ya kumsimamisha mtu, kwa kuwa askari hawezi kujua kwa kutazama kama mtu ana leseni au hana. Kabla ya hapo polisi wa Pennsylvania walikuwa na ruhusa ya kumzuia yeyote waliyemwona na silaha ili tu waulize leseni. Mantiki ya Hicks inafanana na ile ya kesi ya Delaware dhidi ya Prouse ya mwaka 1979, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa askari kusimamisha magari kiholela ili kukagua leseni za udereva. Wengi barabarani wana leseni, na kuwasumbua wote ili kumnasa mmoja asiye nayo si haki.

Sasa vuka kwenda West Virginia. Huko Ranson, mwaka huohuo wa 2014, polisi waliambiwa kwa simu kwamba mtu fulani amejaza risasi kwenye bastola katika maegesho ya duka na kuondoka akiwa abiria katika gari. Wakalisimamisha gari hilo kwa sababu waliokuwemo hawakufunga mikanda, wakampapasa abiria huyo, wakaikuta bastola. West Virginia inaruhusu watu kubeba silaha, na wakati wa kumpapasa askari hawakujua kama alikuwa na kibali. Mwaka 2017 majaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Kanda ya Nne, wakikaa wote pamoja, walisema kwamba hilo halina maana: mtu aliyesimamishwa kihalali akiwa na silaha huhesabiwa kuwa ni hatari, awe na ruhusa au asiwe nayo. Chini ya mantiki hiyo hata kibali kilichomo mfukoni hakimwokoi mtu kupapaswa. Majaji waliopinga walionya kwamba jimbo likishaifanya silaha kuwa halali kwa kila mtu, kanuni hii inawafungulia polisi mlango wa kumpapasa yeyote wamtakaye, na kila anayejua ni akina nani husimamishwa mara nyingi katika barabara za Marekani anajua mlango huo unaelekea kwa nani.

Philando Castile alikuwa mmoja wao. Kwa miaka 13 alikuwa amesimamishwa na trafiki walau mara 46, nyingi kwa makosa madogo madogo. Alikuwa msimamizi wa mkahawa wa shule moja ya St. Paul, Minnesota, mwenye umri wa miaka 32, na alikuwa na kibali cha kubeba bastola kilichotolewa na sherifu wa kaunti ya Hennepin. Jioni ya Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, askari Jeronimo Yanez alisimamisha gari lake na kumwambia kwamba taa ya breki haiwaki. Aliombwa leseni ya udereva na bima. Akatoa bima, kisha kwa sauti tulivu akamjulisha askari kwamba ana silaha. Sheria ya Minnesota haikumlazimu kusema hilo bila kuulizwa; alisema kwa hiari, kwa adabu, kama wanavyofundishwa wenye vibali. Askari akamwambia asiiguse. Castile akajibu kwamba haitoi. Ndani ya sekunde chache risasi 7 zikafyatuliwa. Mchumba wake alikuwa kando yake na mtoto wa miaka 4 alikuwa kiti cha nyuma.

Askari alidai aliogopa kwamba mkono wa Castile ulikuwa unafuata bastola. Upande wa mashtaka na mchumba wa marehemu walisema ulikuwa unafuata pochi yenye leseni, ile aliyoombwa dakika moja kabla. Ndani ya pochi hiyo kilikutwa kibali. Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru Yanez.

Ni vigumu kuitazama kesi hii bila hasira, na hakuna sababu ya kuificha. Mtu huyu hakusahau chochote. Alikuwa na haki, alikuwa na karatasi, na alikuwa na adabu. Kilichomponza ni kwamba sheria inayosema «onyesha» haimwambii mtu mkono wake upite wapi. Inaagiza kuonyesha kitambulisho kilichomo mfukoni, na mfuko wa pochi na kiuno cha bastola vimetenganishwa na sentimita chache. Kila sharti la kuonyesha karatasi barabarani ni sharti la kupeleka mkono karibu na silaha mbele ya askari mwenye hofu, na hofu hiyo haigawiwi sawasawa kwa watu wa rangi zote.

Majimbo kadhaa yaliongeza sharti lingine juu ya hilo: kwamba mwenye silaha aseme mwenyewe, mara moja, bila kusubiri kuulizwa. Michigan inamtoza asiyesema dola 500 na kusimamisha leseni yake kwa miezi 6. Angalia uwiano wake: kusahau kadi dola 100, kunyamaza dola 500. Ohio ilikuwa na sharti hilo pia, na mwaka 2011 huko Canton kamera ya gari la polisi ilirekodi kilichotokea linapokutana na askari asiyetaka kusikiliza. Dereva alikuwa na kibali mkononi na alijaribu kusema zaidi ya mara moja. Alikatizwa, na alipofanikiwa kusema, askari alimtukana na kumtishia kumuua, kisha akamshtaki kwa kutokujulisha mapema. Kesi ilitupwa na askari akafukuzwa kazi mwaka uliofuata. Mwaka 2022 Ohio ilipoondoa sharti la kibali, iliondoa na hilo la kusema mara moja. Sasa mtu husema akiulizwa.

Wapo wanaoitetea karatasi, na hoja zao zina uzito. Askari anayelikaribia gari usiku hajui aliyemo, na wenzake wengi wameuawa katika hali hiyohiyo. Kibali kinamwambia kwamba mtu huyu amechunguzwa na, katika majimbo mengi, amefundishwa. Ohio, kwa mfano, inataka saa 8 za mafunzo kabla ya kukitoa. Kuondoa kibali ni kuondoa mafunzo hayo pia. Kisha, mwenye silaha kutoka jimbo jingine hawezi kutambuliwa kirahisi kwa kompyuta ya jimbo analopita, na kwake kadi ndiyo njia pekee ya haraka. Muswada wa kutambuana vibali nchi nzima, uliopita katika Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 kwa kura 231 dhidi ya 198 na kukwama katika Seneti, ulitaka msafiri awe na kitambulisho chake mwilini, pamoja na kibali, isipokuwa awe anatoka jimbo lisilokihitaji. Waliouandika walikuwa watetezi wakubwa wa silaha, na hata wao hawakuthubutu kuiacha karatasi nyumbani.

Lakini hoja ya mipaka ya majimbo inaonyesha pia udhaifu wa karatasi. Oktoba 2013, mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali halali cha Pennsylvania alivuka kwenda New Jersey na kusimamishwa na trafiki. Alimweleza askari mwenyewe kwamba ana bastola, akaonyesha na kibali. New Jersey haikitambui. Alikaa rumande zaidi ya mwezi, huku akikabiliwa na kifungo cha chini cha miaka 3 na nusu, hadi kelele za umma zilipofanya apelekwe kwenye mpango mbadala wa kifungo, na Gavana Chris Christie akamsamehe Aprili 2015. Alikuwa na kadi mkononi, lakini haki ilikuwa imebaki ng'ambo ya mto Delaware. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Plaxico Burress, aliyefunga bao la ushindi la New York Giants katika fainali ya Super Bowl Februari 2008, alijipiga risasi pajani katika klabu ya usiku huko Manhattan Novemba mwaka huo. Kibali chake cha Florida kilikuwa kimekwisha muda tangu Mei, ingawa hata kingekuwa hai kisingemsaidia New York. Alihukumiwa kifungo cha miaka 2. Kesi hizi huchanganywa mara nyingi na za wasahaulifu, na hazifanani nazo hata kidogo: wasahaulifu wana haki bila karatasi, hawa walikuwa na karatasi bila haki.

Ndani ya jimbo, sababu ya kudai kadi inazidi kupungua. Polisi wa Ohio wakiingiza namba ya gari katika mtandao wao wa jimbo, unaoitwa LEADS, huona kama mwenye gari ana kibali, mara nyingi kabla hawajashuka. Pale ambapo serikali inaijua taarifa hiyo tayari, kumlazimisha mtu aitoe mfukoni ni kuongeza hatari bila kupata chochote. Linalofaa ni lile ambalo Minnesota imelifikia nusu njia: kosa dogo, lifutwe likithibitishwa, silaha irudi kwa mwenyewe, na juu yake liongezwe agizo kwa askari, kwamba akishaambiwa kuna silaha, jambo la kwanza ni mikono kukaa kwenye usukani na karatasi kusubiri. Mzigo huo unamfaa zaidi aliyefunzwa na kulipwa mshahara kuliko dereva aliyeshikwa na woga.

Zipo sehemu mbili ambako sheria ya shirikisho inapindua kabisa mantiki hii. Ya kwanza inawahusu polisi wenyewe. Sheria ya mwaka 2004, iliyosainiwa na Rais George W. Bush, inawaruhusu askari waliopo kazini na waliostaafu kuficha bastola katika jimbo lolote, lakini ruhusa hiyo imefungwa kwenye maneno: awe amebeba kitambulisho kilichotajwa. Kwake yeye kadi ni sehemu ya haki yenyewe, na akiisahau nyumbani kinga ya sheria hiyo imebaki nayo nyumbani. Ya pili ni sheria ya maeneo ya shule, inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka shule. Inamwacha huru mwenye leseni iliyotolewa na jimbo ambamo shule ipo. Haisemi lazima awe nayo mfukoni. Asiye na leseni kabisa, hata katika jimbo lisiloihitaji, anaweza kuwa anavunja sheria ya shirikisho kwa kupita tu barabara ya kando ya shule na bastola yenye risasi kiunoni, kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5. Hii ni sababu moja ya wakazi wa Florida na Texas kuendelea kulipia vibali ambavyo majimbo yao hayavidai.

Mambo haya yanawahusu wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko kuliko wengi wao wanavyofikiri. Wakenya wa Dallas na Minneapolis, Wakongo wa Ohio, Watanzania wa Houston, wengi wana ukaazi wa kudumu, ile kadi maarufu kama grinkadi, na sheria inawaruhusu kumiliki bastola kama raia. Wenye viza za muda, wanafunzi wakiwemo, kwa kawaida hawaruhusiwi hata kuishika. Mwenye grinkadi anaruhusiwa, lakini anabeba hatari ambayo jirani yake raia haijui. Sheria ya uhamiaji inamfanya mgeni yeyote astahili kufukuzwa nchini akitiwa hatiani kwa kubeba au kumiliki silaha kinyume cha sheria yoyote, ya jimbo au ya shirikisho. Haiulizi amekaa miaka mingapi, wala kama watoto wake wamezaliwa hapo. Na grinkadi yenyewe, kwa aliyetimiza miaka 18, lazima itembee naye siku zote. Kuikosa ni kosa lenye faini au kifungo cha hadi siku 30.

Mkasa wa kawaida wa mahakama za Marekani ni makubaliano. Mwendesha mashtaka humwambia mshtakiwa: kubali kosa dogo, ulipe faini, uende nyumbani leo. Kwa raia aliyesahau kibali chake hiyo inaweza kuwa nafuu. Kwa mwenye grinkadi, kukiri kosa la kubeba bastola bila leseni, wakati kibali halali kiko kabatini, kunaweza kumfikisha mbele ya jaji wa uhamiaji kwa kosa ambalo hakulifanya. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, Mahakama ya Juu inamtaka wakili wa mshtakiwa asiye raia amweleze hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Lakini wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, mwenye mafaili mengi mezani, huenda asijue kwamba mteja wake si raia. Mteja ndiye anayepaswa kulitamka hilo kabla hajasaini, na kumwomba apate kwanza nakala ya kibali kutoka kwa ofisi iliyokitoa, kwa sababu katika majimbo kama Minnesota na Virginia nakala hiyo inaweza kumaliza kesi nzima.